Alhamisi ya Kiatu cha Baba Nukta

Ko!

Mlio wa mfuniko wa sufuria ulimfikia Mama Nukta gizani, pale sakafuni alipojinyoosha, mapazia yote yamefungwa kulizuia jua la alasiri. "Paka huyo," alijisemea, akageuza shavu la pili nalo lionje ubaridi wa saruji. Nyumba ile haikuwa na paka, lakini usingizi wa joto hauulizi maswali.

Alipoamka, raba yake ya kushoto haikuwepo.

Alipekua uvunguni, chini ya cherehani, nyuma ya vitambaa vya wateja. Wapi! Nukta, binti yake wa miaka minne, alikaa kizingitini akimtazama kama hakimu.

"Mwanangu, umekiona kiatu cha mama?"

"Kimekimbia," alisema Nukta.

Mama mkwe, aliyekuwa akijipepea kwa kipande cha boksi, alicheka mpaka akakohoa. "Basi vaa cha mumeo uende."

"Mama, mimi nimechoka. Alhamisi tatu mfululizo huyu analia mpaka anatapika. Leo akilia tena, naacha kukimbia. Nawaaga wenzangu, yaishe."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tangu uanze kukimbia, huo mgongo wako wa cherehani umenyamaza, na siku hizi unashona huku unaimba. Ukiacha, nani ataniimbia mimi?"

Mama Nukta alichukua raba ya mumewe, akaijaza vipande vya vitambaa mpaka mguu ukatulia, akatoka. Kilio cha Nukta kikamsindikiza hadi kwenye kona ya mtaa. Basi, aliwaza, macho yakimwasha. Ndiyo ya mwisho hii.

Asingeweza kukosa, kwa sababu leo ilikuwa zamu yake kutangulia. Kilabu cha Alhamisi kilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Zamani walimwacha mzee mmoja nyuma huko mlimani, wakafika, wakanywa maji, wakataniana weee, mpaka walipokuja kujihesabu. Tangu siku hiyo, aliyekuwa wa mwisho wiki iliyopita ndiye anayeongoza wiki hii. Hakuna kumpita. Hakuna kumsahihisha njia, hata akiwatumbukiza shimoni. Na mbio haziishi mpaka yeye aguse tangi la maji walipoanzia.

"Kobe wetu kaja!" alipaza sauti Cheche, mchomelea vyuma, mtu mwenye kifua cha pipa na mdomo usio na breki. Kisha akaona miguu. "Ee bwana! Mguu mmoja umeolewa?"

"Muache mwenzio," alisema Nesi, mwanzilishi wa kilabu, ingawa naye alikuwa ameuma midomo. "Tangulia, mpenzi. Tuko nyuma yako."

Wakaingia njia ya msituni, watu kumi na mmoja kwa mstari mmoja. Jua lilikuwa limeshaelekea kuzama, lakini joto lilikuwa bado limekaa juu ya mawe kama mgeni asiyejua kuaga. Misonobari ilinuka utomvu. Vumbi lilipanda mpaka magotini, jasho likachora mifereji juu yake. Kile kiatu cha Baba Nukta kikawa kinapiga chwapu, chwapu, na kila baada ya hatua chache kitambaa kimoja kilichomoka kisiginoni.

Mama Nukta alikimbia akiwa ameinamia mguu ule, huku akipanga maneno ya kuaga. Ndivyo walivyofika kwenye jiwe lililopasuka, panapogawanyika njia. Ya kulia inazunguka kilima hadi kwenye tangi. Yeye hata hakuinua kichwa. Miguu ilichagua kushoto, nyuma yake kukawa kimya, na hata Cheche akameza neno lake.

Njia iliteremka, ikapita kichaka cha miiba, ikamtupa mbele ya kamba ya nguo anayoijua. Shuka lake. Gauni la Nukta. Ua wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe!

"Jamani," alisema, mikono kichwani, "mbona hamkuniambia?"

"Sheria," alisema Nesi, akihema. Akafumbua kiganja kilichojaa vitambaa. "Na hivi nimeviokota. Nilidhani unatuwekea alama."

Wakaangua kicheko. Mama mkwe akatoka na ndoo na kikombe, akaanza kuwagawia maji kana kwamba walialikwa. Nyuma yake, kwenye ngazi, alikaa Nukta, macho yamevimba, kamasi imekauka juu ya mdomo.

Mama Nukta aliuona uso ule. "Nyie nendeni," alisema. "Mimi nimefika. Nilitaka niwaambie kwamba…"

"Tuende wapi?" alisema Cheche. "Hatuwezi kukupita." Akaketi chini kwa kishindo. Nesi naye akaketi. Mmoja mmoja wote wakakaa vumbini, wakamtazama.

Nukta aliwatazama watu wale wazima, wenye jasho na magoti machafu, walivyokaa kama watoto wanaongoja chakula.

"Wanamngoja nani?" alimuuliza bibi yake.

"Muulize huyo mnene," alisema bibi.

"Tunamngoja mama yako," Cheche alijibu. "Bila yeye hatufiki. Tutalala hapahapa, na mimi nakoroma, nakuonya."

Nukta alifikiri. Alimtazama mama yake tangu kichwani mpaka kwenye ile raba kubwa iliyofunguka mdomo, soksi ikichungulia, kidole kikivuja damu kidogo. Akainuka, akaingia stoo.

Ko!

Mama mkwe akageuka. "Sufuria yangu!"

Mtoto alirudi amekumbatia raba ya kushoto kwa mikono miwili, akapita katikati ya wakimbiaji, akaiweka chini mbele ya mguu ule wenye kidonda.

"Mama, vaa kiatu chako."