Kilele cha Mkono wa Kushoto

Siku Mugendi alipokwenda Githongo, upande wa Meru, kuomba mke, wazee walimuuliza baba yake mdogo, Njue, kijana anafanya kazi gani. Njue alikohoa, akatazama viatu vyake, akasema, "Ana shughuli za rangi." Wazee wakatikisa vichwa, wameridhika. Walidhani ana duka.

Miaka saba ilikuwa imepita tangu siku hiyo, na mama mkwe wake, Cicily, alikuwa bado hajalisamehe lile duka ambalo halikuwako. Si kwamba alimchukia mkwe wake. Alimtumia ndizi, alimtumia viazi, na mjukuu wake Mwenda alipozaliwa alituma mbuzi. Ila jina la kazi yake lilimkwama. "Baba Mwenda bado anapakapaka?" alimuuliza binti yake Kagwiria kila walipoongea kwa simu. Kupakapaka. Kama mtoto aliyeachiwa bakuli la uji.

Na kuchora, Mugendi alikuwa akichora kweli. Alianzia Runyenjes, upande wa Embu alikozaliwa, kwa kuchora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha ya mzee Mbaka. Ng'ombe alitoka akiwa anacheka, jambo ambalo si zuri sana penye bucha. Mbaka akamwambia amwekee kilima nyuma, labda atatulia. Mugendi akaweka kilima cha Kirimiri, akaweka mlima mkubwa nyuma yake, na mashamba ya kahawa yakishuka mpaka mtoni. Kufikia jioni wateja walikuwa wamesimama njiani wakionyeshana mashamba yao, na hakuna aliyemwona ng'ombe. Tangu hapo hakurudi tena kwa ng'ombe.

Alikuwa na taratibu zake. Turubai hakununua. Alivuta kitambaa cha marekani juu ya fremu ya mbao, akakipaka gundi, kisha rangi nyeupe ya ukuta, kisha maji ya chai ya rangi yaliyokolea, maana alisema hajawahi kuona ardhi nyeupe. Rangi alizichukua Makutano, dukani kwa Mahamed, ambaye hakuweza kumfungia mkebe bila utani.

"Nyeupe tena? Fundi, umemaliza nyumba ngapi mwezi huu?"

"Ni ya theluji, Mahamed."

"Theluji ya huko juu inakwisha. Kumbe ni wewe unayeiongeza."

Basi mwaka huu kikundi cha akina mama wa kijiji, ambacho mwenyekiti wake ni Cicily, kikamaliza kujenga ukumbi wake. Ukuta wa mbele ulikuwa mtupu. Wengine walitaka pale kalenda kubwa ya mbolea, yenye picha ya mahindi. Kagwiria akasema kwenye simu, "Mama, na Baba Mwenda yuko."

"Haya," Cicily akasema. "Atuchoree mlima wetu, Kirimaara. Akina mama wakiipenda, nitasimama mbele ya watu niseme mkwe wangu ni mchoraji. Wasipoipenda, mahindi yapo."

Mchoraji. Mugendi alipoletewa neno hilo alilitia mdomoni kama peremende, akalinyonya wiki nzima.

Alifanya kazi nyumbani kwake Kinoru, mjini Meru, kwa wiki tatu. Ilikuwa Julai, na Julai huku mlima haupo. Kuna ukungu tu, na sweta. Kagwiria akamuuliza kama hatasubiri mpaka uonekane. "Niusubiri wa nini?" akasema Mugendi. "Huo mlima nimekua nao. Nikifumba macho uko pale." Akafumba macho, ukawa pale, akauchora. Kagwiria akasema picha imependeza. Kuta za nyumba yake zilikuwa zimejaa milima ya mume wake miaka yote hiyo, na macho yake yalishaizoea.

Jumatano wakaipeleka Githongo, imefungwa kwa shuka, ili mwenyekiti aione kabla ya Jumamosi, siku ya kufungua ukumbi.

Sasa, kwa adabu ya pale, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, wala hawapigi soga. Mugendi aliketi sebuleni, mgongo kwa mlango, mbele ya kikombe cha chai. Picha ilipitishwa nyuma yake mpaka jikoni, ng'ambo ya ukuta wa mbao. Akasikia shuka likifunguliwa.

"Kitendawili," sauti ikatoka jikoni.

Mugendi alitazama huku na huku. Kwa miaka saba hilo lilikuwa neno la kwanza kumjia bila kupitia kwa Kagwiria. "Tega," akasema.

"Nina watoto wawili, mkubwa na mdogo. Tangu niolewe hapa, kila asubuhi mdogo namkuta kushoto kwa kaka yake. Leo nimemkuta kulia."

"Viatu."

"Umekosa. Viatu havina mkubwa na mdogo, labda vyako."

"Nimeshindwa, Mama."

"Basi nipe mji."

Ndiyo desturi ya vitendawili: aliyeshindwa hutoa mji, na mtegaji huenda huko kwa maneno, akala, akashiba, ndipo akatoa jibu. Mugendi akatoa mji ulio karibu na moyo wake.

"Nakupa Embu."

"Embu wa nini tena? Umeniletea wote, umeufunga kwa shuka."

Jikoni Kagwiria aliangua kicheko, akakizima kwa mkono. Mugendi alibaki na kikombe hewani. Taratibu akaliona kosa lake. Ukiwa Embu, kile kilele kidogo husimama kulia kwa kikubwa. Ukizunguka mlima mpaka Meru, kinahamia kushoto. Miaka saba amekula Meru na kulala Meru, na bado alikuwa amechora mlima kutoka mlangoni kwa mama yake.

"Mlima si ni mmoja, Mama," akauambia ukuta.

"Ni mmoja. Hata wewe ni mmoja, na una uso na kisogo. Hawa akina mama wanaamka na uso tangu utotoni. Jumamosi wavae vitambaa vizuri waje kuonyeshwa kisogo?"

Mugendi aliyaona mahindi ya kalenda, yamepangwa mistari, yanamcheka.

"Na mji bado hujanipa," sauti ikaendelea.

"Nakupa Maua, huku huku Meru."

"Nimepokea. Nimekwenda Maua, nimekula, nimeshiba. Huko wameniambia, mtu akitaka kuiona Kirimaara vizuri, aketi nyuma ya jiko la Cicily. Kesho alfajiri mimi nitakuwa migombani, nimegeuka upande mwingine."

Nyuma ya jiko la mama mkwe si mahali pa mkwe, kila mtu anajua. Alfajiri Mugendi alikwenda kwa kunyata, akaketi kwenye kigoda na makaa yake ya kuchorea na karatasi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ua. Ikapiga saa kumi na mbili, ikapiga saa moja. Mlima haukuja.

"Umeuona?" migomba ikauliza.

"Hapana, Mama."

"Unauona mti mrefu pale mpakani?"

"Ndiyo."

"Kilele kikubwa kinatokea juu yake. Kina bega moja limeshuka, kama mtu aliyefunga kuni vibaya. Kidogo kiko kushoto, kimejitenga, kama mtoto aliyekatazwa kumfuata mama yake sokoni Gakoromone. Chora."

Akachora.

"Jua likitoka linakigonga kilele. Kinageuka rangi ya pera."

"Nje au ndani?"

"Ndani, Baba Mwenda. Pera lililoiva, si lile lililoanguka juzi. Kisha mistari ya theluji, mitatu. Nilipoolewa ilikuwa mingi, sikuihesabu. Sasa inahesabika."

Mugendi aliandika haya yote pembeni mwa karatasi. Hakuwahi kuomba macho ya mtu mwingine tangu ajifunze kazi.

"Umeutazama sana, Mama."

"Nilikuwa nasubiri maji yachemke," Cicily akasema. "Miaka arobaini na mitatu. Macho ningeyapeleka wapi?"

Mugendi alivuta kitambaa kipya, akafanya kazi siku mbili katika stoo, kati ya magunia ya mahindi, na rangi ikakaushwa kwa moto wa jikoni. Rangi ya pera aliijaribu kwenye kipande cha ubao, akakituma jikoni kwa mkono wa Kagwiria. Kikarudi na neno: limeoza. Akachanganya tena. Kikarudi: bichi. Mara ya tatu kipande hakikurudi.

Jumamosi akina mama walisimama mbele ya ukuta, vitambaa vichwani, wakaitazama picha. Mugendi alikuwa amebana mlangoni, nusu yake nje. Mama Beth, mkubwa kwao wote, alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Huyu amechorea kwa Cicily," akasema. "Kwangu mti huo hauonekani."

"Kwangu bega linaonekana zaidi," mwingine akadakia.

"Kwako wewe kunaonekana paa la jirani tu."

Wakaanza kubishana ni kwa nani mlima unaonekana vizuri, na ubishi ukawa mtamu hata aliyeshika kalenda ya mbolea akaikalia asijue. Cicily akainuka. Alitazama picha, hakutazama mlangoni.

"Kazi hii ni ya mkwe wangu, Baba Mwenda," akasema. "Ni mchoraji." Akafikiri kidogo. "Na nyuma ya jiko langu alifika kwa ruhusa, nalisema kabla hamjaanza."

Wiki iliyofuata Mugendi alimwomba Kagwiria amuulizie mama yake ile picha ya kwanza, maana Mahamed alitaka mlima wa kutundika dukani, na yeye si mtu wa kuuliza kilele kiko wapi. Kagwiria alipiga simu, akasikiliza, akacheka.

"Anasema ameitundika sebuleni, mkabala na kiti chako. Embu uliutoa mwenyewe, na mji ukishatolewa kwenye kitendawili haurudishwi."

"Si alisema Embu wa nini?"

"Anasema aliuliza tu. Na ukienda uketi palepale, utazame kwenu unywe chai, usichungulie jikoni."