Vidonge vya Mama, Vidonge vya Mke

Mke wa seremala na mama mkwe wake hawakuwa wakisemezana tangu mwaka uanze. Nyumba moja, jiko moja, salamu hakuna. Chanzo eti sufuria lililoungua! Lakini watu wakishaamua kununiana, sababu haikosekani.

Seremala alikuwa na pumu, na vumbi la mbao halimhurumii mtu. Daktari akamwandikia vidonge vya kifua: kimoja asubuhi, kimoja jioni, basi. Mke akawa anampa kwa mkono wake. Asilolijua ni kwamba mama naye alikuwa amejinunulia kopo la dawa hiyohiyo, akimvizia mwanawe mlangoni: "Meza, baba, nikuone."

Naye anameza. Akivikataa vya mama, ataambiwa katawaliwa na mke; akivikataa vya mke, ataulizwa kwani kaoa nani. Mwanamume mzima akaona heri ameze vyote kuliko kufungua kinywa aseme. Ujinga gani huu, jamani.

Siku ya tatu akaanza kutapika. Mikono ikamtetemeka hata randa ikamshinda kushika, moyo ukamwenda mbio. Mke akadhani pumu imezidi, akamwongezea kimoja. Mama naye akadhani hivyohivyo, akamwongezea kimoja. Asubuhi ya pili yake fundi mwenzake akaja mbio: seremala kaanguka karakanani, anatupa miguu na povu linamtoka.

Hospitalini daktari alitoka uso umemshuka. "Dawa imemzidi mwilini. Moyo unapiga ovyo, na degedege halijakatika. Alikuwa anameza vingapi?"

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni," akasema mke. "Nampa mwenyewe."

"Hapana," akasema mama mkwe. "Nampa mimi."

Daktari akawatazama wote wawili, akarudi ndani upesi. Mke akamgeukia mama mkwe.

"Mama, na jana ulimwongezea?"

"Kimoja. Na wewe?"

"Kimoja."

"Ungeniambia, mwanangu."

"Ningekuambia vipi, mama?"

Daktari alipotoka tena, hakuuliza idadi. Aliwaambia moyo umesimama na umekataa kurudi. Wakaketi kwenye benchi bega kwa bega, wakazungumza mpaka sauti zikawakauka, yote ya mwaka mzima. Aliyeyatamani mazungumzo hayo kuliko mtu yeyote alikuwa ndani, kafunikwa shuka.