Mrija Uliozibwa

Kwa ncha ya kijiti, Idefonsi alisukumiza donge la machicha ya pombe ndani ya mrija, akalishindilia hadi likashika. Miaka thelathini alikuwa akiwakatia watu wa Murukulazo mirija ya matete ya kunywea pombe, akijisifu kwamba hata mmoja haujawahi kuziba. Leo alikuwa akiziba wa kwake.

"Utawadanganya wakwe?" aliuliza Febronia, mkewe.

"Nawadanganya macho tu. Pombe ya ndizi ni sukari, mama Deodata. Au unataka kunizika kabla hatujamwoza binti?"

Wiki iliyopita, kifua kilipombana, daktari wa kambi ya wakimbizi alimweleza: kwa mgonjwa wa kisukari kama yeye, uchafu unaojijenga kwenye mishipa ya moyo huwa laini ndani kama uji, na utando wa juu mwembamba. "Utando ukipasuka, mzee, damu inaganda papo hapo, mshipa unaziba. Usinywe pombe. Usijikaze."

Wakwe walifika mchana kutoka kambini Kasulo. Mzee Bikorimana alikuwa amezika wana watatu njiani. Ishimwe, bwana harusi, ndiye aliyebaki. Mzee alikitazama chungu cha pombe bila kukisogelea. Kambini, kila kifo cha ghafla kiliitwa sumu.

Kama ilivyo desturi, mwenye nyumba alitangulia. Idefonsi aliuinamia mrija wake, mashavu yakabonyea, akameza mate. "Karibuni, wakwe."

Febronia akamnyooshea mgeni mrija mpya. Bikorimana hakuupokea.

"Nitatumia huo uliotoka kinywani mwake."

Mkono wa Febronia ulibaki hewani. Deodata, bibi harusi, aliyesimama mlangoni, aliacha kutabasamu. Mtu huyu akivuta na kukuta mrija umezibwa, ataondoka na mwanawe, na hawatarudi.

"Subiri, mkwe. Koo langu bado kavu."

Idefonsi akainama tena. Akavuta. Donge halikusogea. Akavuta kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo ikamsimama, hadi likaachia. Akalimeza pamoja na utamu wote uliolifuata. Kisha kitu kikambana chini ya titi la kushoto.

Akaupangusa mrija kwa kiganja, akampa mgeni.

"Shikamoo, kiu ya baba!" Ishimwe alitania, na wote wakacheka.

Bikorimana aliinama, akanywa. Pombe ilipanda bila kizuizi. Idefonsi alilitazama koo la mgeni likipanda na kushuka, huku mkono wake wa kushoto ukilala gotini, mzito, kama wa mtu mwingine.

"Mrija mzuri," alisema Bikorimana. "Nani amekukatia?"