Wiki ya Kina Thursfield

Hapa kijijini kwetu Hopley, upande huu wa Shropshire unaopakana na Wales, mtu yuko radhi afe na tai shingoni kuliko kumwambia mwenzake kwamba chai yake imepoa. Mimi niliolewa hapa nikitokea Ludlow, mwendo wa nusu saa kwa gari, na baada ya miaka thelathini na mmoja bado naitwa mgeni. Labda ndiyo maana nawaona vizuri.

Jirani yangu wa ng'ambo ya njia ni Hester Garbett, mjane wa miaka sabini na minane. Ana nyumba mbili zilizoshikana. Kubwa anakaa mwenyewe, ndogo huwapangisha watu wa mjini wanaokuja likizo kusikiliza kondoo. Hiyo ndogo inaitwa Mtufaa, ingawa mtufaa wenyewe uliangushwa na upepo kabla mimi sijafika. Zamani wageni walikuwa wakipokezana kila Jumamosi tangu Pasaka mpaka majani yaanze kupukutika: hawa watoke saa nne asubuhi, wale waingie saa kumi jioni, na hapo katikati mimi na ufagio tunakimbizana. Vidole vya Hester vilipoanza kuvimba kwa baridi yabisi akawakataa wote, mmoja mmoja, akabakiza wiki moja tu ya Agosti. Wiki ya kina Thursfield.

Hao ni Bwana Clive na mkewe Rosalind, walimu wastaafu kutoka Coventry. Mara ya kwanza walikuja na mapacha wanaonyonya. Mapacha sasa wana ndevu na wameapa hawaji tena ng'o, lakini wazazi hawajakosa hata mwaka mmoja, na mwaka huu ulikuwa wa kumi na tisa.

Ijumaa, siku moja kabla hawajafika, nilimkuta Hester jikoni anakoroga keki ya kisibiti, zile mbegu za kiungo chenye harufu kali, huku amekunja uso kwa maumivu.

"Weka huo mwiko chini," nikamwambia. "Vidole vimevimba hivyo, keki ya nini?"

"Ya kina Thursfield. Wanaipenda."

"Umejuaje?"

"Mwaka ule wa kwanza Bibi Thursfield alisema hajawahi kula keki ya namna ile."

Nilikuwa na habari zangu kuhusu ile keki, lakini hazikuwa za kusemwa. Hester akajifuta mikono, akaketi, na hapo ndipo yaliyomkaa moyoni yakatoka. Dada yake Olive, mwenye miaka themanini na mmoja, anayekaa peke yake Aberystwyth ufukweni, alikuwa amepiga simu. Nyonga imemwisha, ngazi hazipandi. Hester akihamia kwake watasaidiana. Asipohamia, Olive anakwenda nyumba ya wazee. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

"Tuliachana nikiwa na miaka ishirini," Hester akasema. "Tangu hapo tumekuwa tukionana kwenye misiba tu. Natamani, Gwenda, nikae na dada yangu. Natamani sana."

"Basi nenda! Unangoja nini?"

"Na kina Thursfield?"

"Wana nini hao?"

"Watakwenda wapi? Mwaka mzima wanaingoja wiki hii. Watu wazuri vile, niwavunje moyo?"

"Hester, una wazimu wewe."

"Na usije ukawaambia, mpenzi. Niahidi."

Nikaahidi, roho imenipanda.

Jumamosi saa kumi kamili gari lao likasimama mlangoni. Walikuwa wameegesha kando ya kanisa tangu saa tisa na nusu, nimewaona kwa macho yangu, wamekaa humo ndani na makoti yao wakitazama saa, kwa sababu kufika mapema ni utovu wa adabu.

"Karibuni, karibuni! Safari ilikuwaje?" Hester akauliza.

"Nzuri mno," akajibu Bwana Clive, aliyekwama barabarani saa tatu nzima nyuma ya trekta.

"Lo, na keki tena!" Rosalind akapiga makofi. "Bibi Garbett, usingejisumbua!"

"Hata sikusumbuka."

Bwana Clive ni mrefu, na Mtufaa ilijengwa enzi za watu wafupi. Akaingia na paji lake likakutana na boriti, pwaa! kama kila mwaka. "Hamna kitu, hamna kitu," akasema, machozi yanamlengalenga.

Haikupita robo saa Rosalind akanifuata nyuma ya nyumba, keki ameificha ndani ya koti la mvua.

"Gwenda, kuku hawajambo?"

"Hawajambo. Lete."

Keki kumi na tisa, jamani, na zote wamekula kuku wangu. Nikadhani atarudi ndani, lakini akabaki ananipapasa mkono.

"Mgongo wa Clive umekwisha kabisa. Kile kitanda kina shimo katikati, tunaviringikiana usiku kucha kama maharusi, na kwa umri wetu huu si jambo la kuchekesha. Mwaka huu tulitaka kwenda Ureno. Maisha yangu yote sijakaa mahali unapoanika taulo nje na likakauka."

"Mbona hamkwenda?"

"Tumwache Bibi Garbett? Mjane wa watu, wageni wote wamemkimbia, tumebaki sisi tu. Tukiacha kuja atakufa kwa huzuni. Na tafadhali usimwambie. Niahidi."

Nikaahidi tena. Ningefanyaje? Nilirudi kwangu nimebeba keki, nikawafokea kuku ambao hawakuwa na kosa lolote.

Jumapili ikanyesha. Jumatatu ikanyesha. Jumanne upepo ukajiunga na mvua, na Jumatano yakawa manyunyu tu, ambayo kwetu huitwa hali nzuri ya hewa. Kila asubuhi kina Thursfield walivaa buti za mpira, wakaenda kuwatazama kondoo, na kondoo wakawatazama wao. Walirudi wakaketi mbele ya jiko linalofuka moshi, wakikohoa. Nilipowauliza wanaendeleaje, Bwana Clive alisema kunaburudisha.

Sasa, kuna jambo la Alhamisi. Kila mwaka, siku hiyo, Hester huwaita sebuleni kwake kunywa chai, na baada ya kikombe cha pili Bwana Clive hukohoa na kuomba wiki ya mwakani. Hakuna karatasi wala sahihi. Likishasemwa limesemwa, na Hester hajavunja ahadi tangu azaliwe. Akisema ndiyo, basi Olive wa watu anakwenda kwenye nyumba ya wazee.

"Leo utawaambia?" nilimuuliza asubuhi.

"Nikipata nafasi nzuri."

"Nafasi nzuri ndiyo ipi?"

"Ikija nitaijua," akasema, na nikajua haiji.

Saa kumi tukaketi. Mimi namimina. Yakazungumzwa maua ya mchungaji, uzio wa miiba uliokatwa vibaya, na mvua, kisha mvua tena. Kikombe cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha. Bwana Clive akakohoa.

"Basi, Bibi Garbett," akasema, kwa sauti ya mtu anayempa daktari jino lake ling'olewe. "Wiki ile ile, mwakani?"

Nilimtazama Hester. Mashavu yalikuwa yameanguka, macho yamekwenda kwenye simu iliyokuwa juu ya meza ndogo, kisha yakarudi. Akatabasamu kwa midomo tu.

"Bila sha..."

"Hapana!" nikapiga kelele, na birika likatua mezani kwa kishindo, chai ikaruka mpaka kwenye kitambaa cheupe.

"Gwenda!" wakasema wote watatu.

"Gwenda nini? Mmenichosha! Hester, hawa hawataki kuja. Wanataka Ureno. Keki yako wanakula kuku wangu, miaka kumi na tisa, na hata kuku siku hizi wanaikimbia. Na nyinyi, huyu mnayemhurumia anataka akakae na dada yake ufukweni, na amebaki hapa kwa ajili yenu! Mnaoneana huruma mpaka mnauana. Ebo!"

Bwana Clive akageukia dirisha.

"Naona inaelekea kukatika," akasema. Mvua ilikuwa inamwagika kwa ndoo.

Hester ndiye aliyeanza. "Keki yangu mnawapa kuku?"

Rosalind alikuwa amewiva uso. "Na wewe ulitaka tusije?"

"Sikusema nilitaka msije. Nilitaka tu..." Akafikiri. "Ndiyo. Nilitaka msije."

"Tangu lini?"

"Kama miaka sita."

"Sisi kumi na minne," akasema Bwana Clive. "Tangu paa livuje."

"Paa limevuja?"

"Juu ya kitanda."

"Mbona hamkusema?"

"Hatukutaka kukusumbua."

Nikajua sasa ni vita, na vita vya kwetu ni kusimama, kushukuru kwa chai na kutosemezana mpaka kifo. Kweli Rosalind akasimama. Lakini badala ya kushukuru akaweka mikono kiunoni.

"Na kitanda kina shimo!"

"Nalijua hilo shimo," Hester akamrudishia. "Marehemu mume wangu ndiye aliyelichimba, alikuwa mzito yule."

"Jiko linafuka moshi!"

"Na nyinyi mnapanda na buti za matope kwenye zulia la mama yangu!"

"Na kisibiti kinanuka sabuni!"

"Hata mimi sikipendi!" Hester akapaza sauti. "Sijawahi kukipenda! Mwaka ule nilikitia kwa sababu dukani zabibu kavu zilikwisha!"

Wakatazamana. Bwana Clive ndiye aliyeshindwa kwanza, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Halafu Rosalind. Halafu Hester akashika ukingo wa meza kwa vidole vyake vile vilivyovimba, akacheka akiomba Mungu amsaidie. Walikaa mpaka saa moja jioni, wakisutana kwa zamu, kila mmoja anakumbuka uchafu wa mwenzake wa mwaka fulani. Kwa miaka kumi na tisa walikuwa hawajawahi kuzungumza, na siku hiyo walizungumza.

Kabla hawajatoka, Bwana Clive alimbonyezea Hester namba za Aberystwyth. "Olive," Hester akasema, "nakuja." Sote tulimsikia Olive akilia kwenye simu.

Jumamosi asubuhi Rosalind alimbusu mashavu yote mawili, akamwita Hester, jina lake tupu, kwa mara ya kwanza. Gari likakunja kona ya kanisa, likapotea.

Tukabaki wawili getini. Hester alikuwa amechangamka sana, anataja atakachobeba na atakachogawa. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, Gwenda? Utakuwaje?"

"Mimi? Nitakuwa sawa tu. Wala usinifikirie."

Mwaka aliokufa mume wangu Trevor, huyu mama alivuka njia kila asubuhi, msimu mzima wa baridi, akaniwashia moto na kuondoka. Hakuniuliza hata siku moja kama nataka.

"Hebu rudia hilo," akasema, "huku unanitazama usoni."

Nikamtazama. Halikutoka.

"Sitaki uende," nikasema. "Sitaki hata kidogo. Nitaona dirisha lako lina giza na sitajua nifanye nini na siku yangu."

Akanishika mkono. "Basi nibaki?"

Hakuwa anatania. Nikaona wazi kwamba kwa neno langu moja angebaki, angempigia Olive simu, na asingenilaumu hata siku moja.

"Nenda kwa dada yako," nikamwambia. "Na hilo nalo nalitaka."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukaingia ndani tukaanza kufunga vikombe kwenye magazeti, mimi nalia, yeye ananikemea nisivivunje.