Ng'ambo Sikufika

Mimi ni mtu wa miguu. Darasa la kwanza nilisoma mji mmoja, la pili mji mwingine, la tatu nilichungulia dirishani, na la nne nilifundishwa na mpishi wa kambi ya wajenzi wa reli, kwa mkaa, juu ya ubao wa kukatia nyama. Ndiyo maana mwandiko wangu ni kama nyayo za bata: mkubwa, na unakwenda upande.

Nilikuwa nimekuja kwa mpwa wangu kukaa wiki mbili. Mfuko niliuweka nyuma ya mlango, nikatoa shati moja tu. Mtu akishatoa nguo zote mfukoni, ameshakuwa mwenyeji.

Mpwa wangu ni mtoto wa marehemu dada yangu. Anafanya kazi katika kiwanda kidogo cha kuchapa kadi za harusi, vitabu vya risiti na matangazo ya mazishi. Mumewe ni mwandishi wa gazeti. Walioana nikiwa mbali, sura yake siijui. Ulikuwa mwaka wa tatu yuko gerezani kwa habari aliyoiandika, na kwa miezi saba alikuwa hajajibu barua hata moja. Waliowahi kumwona walisema anakaa ameelekea ukutani, chakula anakigusagusa, akisemeshwa anatikisa kichwa.

"Mwili wake najua uko wapi, mjomba," mpwa wangu aliniambia huku anakunja shuka. "Yeye mwenyewe ndiye sijui aliko. Mtu aliyekuwa hawezi kuruka dimbwi bila kulalamikia viatu, leo hata kulalamika hataki."

Kila Jumamosi alasiri, mashine zikizimwa, alikusanya vipande vinavyobaki kadi za harusi zikikatwa. Ni vinene, vyeupe, na vingine vina ua la dhahabu pembeni. Watu wawili watatu walikaa kwenye meza ndefu wakaandika juu yake salamu, kwa mumewe na kwa wengine waliofungwa kwa sababu ya kalamu, hata wale tusiowajua. Siku yangu ya kwanza nilikaribishwa na mfunga vitabu wa pale, rafiki wa mumewe, wanamwita Gundi. Vidole vyake havijaachana vizuri tangu nimfahamu.

"Sheria ni hizi, mzee. Kesi usiitaje. Serikali usiitaje. Jina la mtu, acha. Namba usiandike kabisa, watadhani ni siri."

"Sasa wewe unamwandikia nini?"

"Mpira. Wiki iliyopita nilimwambia tulifungwa."

"Mangapi?"

"Si nimekwambia namba hazitakiwi? Niliandika tulifungwa sana."

"Shemeji, mwache mjomba aandike," mpwa wangu alisema.

Niliikodolea macho ile kadi. Mtu aandike anachokijua, na mimi najua njia tu. Basi nikaandika: *Mkwe wangu, salamu. Vaa viatu tutoke.* Nikamtoa kwenye nyumba yenye dirisha moja la buluu, nikampitisha penye miti iliyopandwa mistari, tukashuka mpaka kisima chenye gurudumu lililovunjika. Nilipoinua kichwa, ile harufu ya wino ilikuwa imekwenda mbali. Vumbi jekundu lilikuwa limetanda mezani, na nyuma yangu nilisikia miguu ya mtu wa pili. Gundi akaniuliza kama nimelala.

Nilimwacha mkwe wangu kisimani, kivulini, maana mtu haachwi amesimama juani. Jumamosi iliyofuata ilibidi nirudi kumchukua.

Ndivyo wiki mbili zilivyogeuka miezi. Kisimani tulishika kushoto mpaka tanuri la matofali. Tukapanda kilima kile ambako upepo hauvumi, umekaa tu kama mgeni anayengoja chai. Tukapita kituo cha treni ambacho reli zake zimeng'olewa, na saa ya ukutani bado inatembea. Katika kadi ya kumi na tisa tulifika mtoni. Tulikunja suruali, tukaingia, maji yakatufika magotini, na kadi ikajaa.

Jumatatu yake ikaja karatasi: mke wa mfungwa, pamoja na mwandishi wa kadi, wafike ofisi ya barua ya gereza.

Kilikuwa chumba chembamba, dirisha lake linatazama ukuta. Afisa alikuwa mtu wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio moja. Mezani mbele yake, zimepangwa kwa mfuatano kama matofali, zilikuwepo kadi zangu zote.

Mpwa wangu alizitazama toka mwanzo hadi mwisho. Akavuta kiti ambacho hakukaribishwa, akakaa.

"Hajapata hata moja," alisema.

"Za mpira amepata," afisa akajibu. "Hizi nimezizuia. Mzee, nisikilize. 'Kisimani shika kushoto, fuata ukingo mpaka tanuri.' Huku ni kumwelekeza mfungwa njia. Ungekuwa wewe kwenye kiti hiki ungesemaje?"

"Ningesema aliyeandika hajui kuandika kitu kingine, afande."

"Nimetafuta kwenye ramani. Siku tatu nzima. Kisima hicho hakipo. Tanuri halipo."

"Hutaviona. Kisima ni cha nchi moja, tanuri ni la nchi nyingine, na kati yake kuna miaka kumi. Nimeshona viraka tu."

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, ikakaa upande vilevile.

"Na mto?"

"Mto una nini?"

"Maji yamewafika magotini, kadi imeisha." Aliigusa ile ya mwisho kwa kidole. "Mlivuka?"

Hapo ndipo nilipomtambua. Naye alikuwa nyuma yetu njiani.

"Umeanza kutufuata tangu wapi, afande?"

"Tangu kilimani," alisema. "Pale upepo ulipokaa."

"Mjomba, mwambie basi," mpwa wangu alinihimiza. Macho yake yalikuwa kwenye muhuri wa afisa, ulioegemea kidau cha wino. Nilielewa. Neno moja la kumfurahisha yule mtu, na huenda kadi zingepita. Daraja ningeweza kulijenga palepale, kwa mdomo. Uongo wa njiani si dhambi kubwa, nimeusema sana. Lakini ule mto ndio kitu pekee katika safari ile ambacho sikukishona. Uko mahali pamoja, mzima, na nilikuwa kijana niliposimama ukingoni mwake.

"Sikuvuka, afande. Niliingia mpaka magotini nikarudi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Tangu siku hiyo nimekwenda kila mahali, ili mradi pasiwe pale."

Mpwa wangu aligeuka akanitazama kama anayeona mlango nyumbani kwake ambao hakuwahi kuujua.

"Kwa hiyo ng'ambo kuna nini?" afisa akauliza.

"Sijui. Nilitaka nimwulize yeye. Yeye bado kijana, tena kazi yake ni kwenda kutazama na kuja kusema. Lakini mtu hawezi kuvuka mto kabla hajafikishwa."

Mpwa wangu alifungua mkoba, akatoa kipande kitupu chenye ua la dhahabu pembeni, akakiweka mwisho wa ule mstari, baada ya mto.

"Na hii," alisema.

"Haina kitu."

"Ndiyo. Ni ya kujibia."

Afisa aliishika akaielekeza dirishani, akaigeuza huku na huku, hakuona kitu. Kisha akavuta muhuri. Aligonga ya kwanza, ya pili, ya kumi, bila haraka, na kwa kila pigo kikombe chake kilicheza kwenye kisahani. Ile tupu nayo akaigonga.

"Nitampa moja kila siku," alisema. "Akipewa zote pamoja atachoka."

Nilikuwa na nia ya kuondoka wiki ile. Nikajiambia nitaondoka kesho, na kesho ikawa na kesho yake. Kila asubuhi mpwa wangu, akijifunga kitambaa kichwani, alisema tu, "Leo yuko kisimani." Au, "Leo anapita tanuri." Kule kiwandani Gundi alishika kitabu mkononi, gundi inamkaukia, akauliza amefika wapi.

"Kilimani."

"Akaze mwendo. Ule upepo ukimzoea mtu haumwachi."

Adhuhuri nikijilaza mkekani nilimwona mkwe wangu akitangulia, mgongo tu, maana uso wake siufahamu. Alitembea kama mtu anayejifunza upya: anakanyaga, anangoja ardhi imjibu, anakanyaga tena. Nilimwita, sauti haikutoka. Kwenye kile kituo cha treni alisimama akarekebisha saa yake ya mkono kwa ile ya ukutani, kisha akaendelea.

Siku ya kumi na tisa ikapita. Ya ishirini mpwa wangu hakusema yuko wapi. Ya ishirini na moja alichapa tangazo la mazishi akakosea tarehe, ikabidi karatasi zote zitupwe, na Gundi akajitwika lile kosa. Ya ishirini na sita tulikuwa kwenye meza ndefu aliposimama mlangoni mtu aliyevaa kiraia, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuingia. Alimkabidhi mpwa wangu bahasha.

"Nimeisoma," alisema. "Kazi yangu ndiyo hiyo. Nisameheni."

Akaondoka, lakini niliona anakwenda polepole, kama anayesikiliza. Ndani ya bahasha kulikuwa na ile kadi yenye ua la dhahabu. Mpwa wangu aliisoma kwa sauti:

*Mjomba, nilisimama ukingoni siku tano. Leo nimevuka. Maji ni ya baridi lakini mchanga wa chini ni mgumu, unashika mguu. Ng'ambo nyasi ni ndefu kuliko mtu na zinanong'ona. Njia imegawanyika mara mbili, sijui tunashika ipi, nimekaa juu ya jiwe nakusubiri. Mwambie mwenzangu viatu vimelowa vibaya, na wewe ndiye uliyenipitisha huku.*

Alirudia ule mstari wa viatu. Akaurudia tena. Alikuwa anacheka, na chozi lilimdondoka juu ya meza, akalifuta haraka kwa kiwiko lisiifikie kadi.

"Ni yeye," alimwambia Gundi. "Shemeji, ni yeye mwenyewe."

"Nani mwingine angelalamika akiwa amekaa juu ya jiwe?" Gundi alisema, akageukia mashine yake, akaanza kupangusa mahali palipokwisha kupanguswa.

Mpwa wangu aliisogeza kadi mbele yangu. "Anauliza njia, mjomba. Ni ipi?"

"Mimi nitajuaje? Kule sijafika."

"Sasa anangoja."

Nilichagua kipande kikubwa kuliko vyote. Kile chumba kilikuwa tayari kimeanza kujaa sauti ya maji. Nikaandika, kwa zile nyayo zangu za bata: *Mkwe wangu, usitoke hapo kwenye jiwe. Nimevua viatu, naingia.*