Sufuria Chini ya Meza

Bwana Casimir, mwenyekiti wa karamu ya Uhuru hapa Rumonge, aliifunika sufuria ya mama, ya ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, kwa mkono wake mwenyewe.

"Mama Mwamini, ndagala tunakula kila siku. Leo iko wageni wakubwa wa Usumbura, na sisi tumepika mbuzi. Rudisha nyumbani."

Kila mtaa ulikuwa umeombwa kuleta chakula chake. Maharage ya mawese yalipokelewa, ndizi zilipokelewa, hata majani ya lengalenga. Ndagala zetu tu ndizo zilizokuwa aibu. Mama alikuwa amezichambua siku mbili, akiondoa mchanga wa ufukweni, ili mji mzima uonje mkono wake. Alijivutia kitenge usoni.

Mimi Mwamini, mwalimu niliyepewa kipaza sauti kutangaza vyakula, niliibeba sufuria nikaificha chini ya meza yangu.

Mbuzi wakaletwa. Mzee Aruna, anayeswalisha msikitini kwetu, akaitazama nyama.

"Nani alichinja?"

"Shemeji yangu Mushagalusa," Casimir akacheka. "Amuri, mchinjaji wenu, alichelewa. Tungemungoja mpaka lini?"

Aruna akaweka sahani chini: mkono uliochinja haukuwa wa Mwislamu. Nyuma yake sahani zikashuka, benchi baada ya benchi. Siku ya kwanza ya Uhuru, na nusu ya mji wamekunja mikono wakiwatazama wenzao wakitafuna! Casimir akaanza kutoka jasho.

Niliivuta sufuria kutoka chini ya meza, nikashika kipaza sauti.

"Samaki hachinjwi. Iko ndagala za mama yangu Mwasiti, za mawese, Mkristo na Mwislamu wote wanakula."

Aruna alionja kwanza. Alitafuna polepole, akisikiliza meno yake, na mama akaacha kupumua.

"Hakuna hata punje moja ya mchanga!" akapaza sauti. "Mama Mwamini, murakoze, asante! Nipe ugali."

Watu wakacheka, wakasukumana. Mama akashusha pumzi ndefu, kitenge kikamwanguka mabegani, naye hakukiokota; alikuwa anapakua. Mimi nilikaa kwenye kiti kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Casimir akaja, mdomo bado una mawese ya ndagala zile zile.

"Mwalimu, nilikataza sufuria ile. Utaniomba radhi mbele ya wageni."

"Mwamini, muombe tu, mwanangu," mama akanong'ona.

"Hapana, mama. Siombi."