Uchafu Wenye Maua

Kila asubuhi baba mkwe akiwasha pikapu yake, mimi huinjika maji ya chai na mama mkwe huketi kwenye cherehani yake dirishani. Pikapu hukohoa uani kidogo, kisha hutoka getini kwenda mashambani kubeba mboga, na nyumba hutulia.

Siku hiyo chai haikuwa hata imechemka aliporudi. Boneti ilifuka mvuke kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Basi!" alisema, akiubamiza mlango. "Kila siku kuchemka, kila siku kuchemka. Mchana namwita yule wa vyuma chakavu aje aichukue."

Cherehani ilisimama. Wote tulijua alivyoipenda pikapu ile. Aliiita Kikongwe, na usiku hakulala bila kwenda kuipigapiga ubavuni na kuiaga.

Aliinua boneti, akazungushia tambara mkononi na kushika kifuniko cha rejeta.

"Baba, usifungue!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Tangu niolewe humo nilikuwa nikizungumza kwa kunong'ona, hadi mume wangu akanitania kwamba wazazi wake wanadhani ameoa bubu. Baba mkwe aliganda, mkono hewani.

"Kumbe ana sauti," mama mkwe alisema dirishani.

"Maji yanachemka humo, baba. Yatakurukia usoni," nilisema, safari hii nikitazama kandambili zangu. "Ipoe kwanza. Halafu, ukiniruhusu, niiangalie."

Nilisomea ufundi wa magari chuoni. Kila mtu pale nyumbani alilijua jambo hilo na hakuna aliyewahi kulitaja, mimi nikiwemo. Baba mkwe alinitazama, akaitazama Kikongwe.

"Haya, iangalie. Kwa hali iliyofikia, huwezi kuiua mara ya pili."

Tulikunywa chai tukiisubiri. Ilipopoa nilifungua kifuniko taratibu. Maji yalikuwa yamepungua, nikaongeza. Nilibonyeza mkanda wa feni, nikaukuta umekaza vizuri. Nikamwomba awashe injini, na ilipopata joto nikagusa mpira wa juu, unaopeleka maji kwenye rejeta, kisha wa chini, unaoyarudisha. Yote miwili ilikuwa ya moto. Maji yalizunguka, basi, ila yalirudi bila kupoa.

"Ilianza lini, baba?"

"Majuzi tu. Baada ya mvua, panzi walipoanza kujaa njiani."

Mama mkwe alikuwa ametoka na kusimama nyuma yetu, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

Nilichukua ukurasa wa gazeti, nikausogeza mbele ya grili, pale usoni mwa gari. Feni ikivuta hewa sawasawa, karatasi hunata hapo. Ule ukurasa ulidondoka chini.

"Imekataa nini?" aliuliza baba mkwe.

"Kuvuta pumzi."

Injini ikazimwa. Niliingiza mkono nyuma ya grili, vidole vikagusa kitambaa. Nikachungulia. Kilikuwa kizito, kimekunjwa mara mbili, kimefungwa kila pembe kwa uzi imara, na chini ya vumbi na mabawa ya panzi kilikuwa na maua ya waridi. Maua yale yale yalikuwa kwenye kitambaa cha redio, cha friji, cha mtungi wa gesi, na kwenye foronya niliyopewa siku ya kwanza kulala nyumba ile.

Na mshonaji wake alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilikata nyuzi haraka, nikakikunjakunja na kukisokomeza mfukoni.

Kikongwe ilipowashwa tena, karatasi ilirukia grili ikanata. Baba mkwe akaizungusha mtaa mzima na kile kilima cha sokoni, akarudi anatabasamu. Mshale wa joto ulikuwa umetulia katikati.

"Ilikuwa nini?"

"Uchafu tu, baba."

"Uchafu?" Mama mkwe alinyoosha kidole kwenye mfuko wangu, ambako pembe moja ilikuwa imechomoza. "Uchafu huo una maua?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakitoa. Baba mkwe alikitazama, akamtazama mkewe.

"Mke wangu, umemvalisha Kikongwe barakoa?"

"Si panzi hao! Wanaziba rejeta, wewe mwenyewe hulali kwa kulalamika."

Baba mkwe alicheka hadi akashika tairi. Mimi nikajikaza. "Mama, wavu mwembamba ungefaa. Ule unaopitisha hewa."

"Ninao," alisema upesi, na uso wake ukafunguka.

"Na yule wa vyuma chakavu, baba?" niliuliza.

"Yupi?" Alijifuta machozi ya kicheko. "Lakini mke wangu, miaka yote msimu wa mvua panzi nawachokoa kwa njiti kila Jumapili, na nimeshazoea. Wewe walikukosea nini?"

Mama mkwe alikikung'uta kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakikunjua tena.

"Panzi hawajanikosea kitu," alisema hatimaye. "Nilitaka Jumapili ukae na mimi."